Claude François: Staa wa disko aliyetamba kwenye TV, akauawa na taa ya bafuni

Huu wimbo unaujua, hata kama hujui kwamba unaujua. Umeusikia kwenye sherehe ya kumuaga bosi anayestaafu. Umeusikia kwenye karaoke, pale mjomba fulani ameshamaliza chupa ya tatu, amefunga macho na ameishika maikrofoni kwa mikono miwili. Unaitwa My Way. Tukiulizwa ni wa nani, wengi wetu tunajibu haraka: Frank Sinatra, Mmarekani, mambo yamekwisha.

Kumbe sivyo. Muziki huo ulitungwa Ufaransa, na mmoja wa waliouleta duniani ni jamaa mzaliwa wa Misri, mwenye nywele alizozipaka rangi ya dhahabu, koti la kumetameta na kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Jina lake ni Claude François. Wafaransa walimwita Cloclo, na hadi leo wanamwita hivyo.

Nataka nikupigie stori yake kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna anayeonyesha vizuri kumliko yeye jinsi disko na TV zilivyooana. Pili, alikufa kifo ambacho wewe unayeoga kwa shawa ya stima kwenye keja yako Roysambu au Umoja unapaswa kukijua.

Mtoto wa Mfereji wa Suez

Claude alizaliwa Februari 1, 1939, mjini Ismailia, kando ya Mfereji wa Suez. Baba yake alikuwa Mfaransa aliyefanya kazi katika kampuni iliyosimamia mfereji huo, kazi ya kupanga safari za meli. Mama yake alikuwa wa asili ya Kiitaliano na alipenda muziki, kwa hivyo akampeleka kijana kujifunza piano na fidla. Lakini masikio ya Claude yalikuwa kwenye ngoma. Kuzipiga alijifunza mwenyewe.

Maisha yalikuwa mazuri. Hawa walikuwa Wazungu wa kampuni, na unajua Wazungu wa kampuni waliishi vipi Afrika wakati huo.

Kisha ikafika Julai 26, 1956. Rais Gamal Abdel Nasser akatangaza kwamba mfereji sasa ni mali ya Misri. Kwa Wamisri ilikuwa siku ya kujivunia, na yeyote anayejua historia ya ukoloni anaelewa ni kwa nini. Kwa familia ya François, ilikuwa siku ya kufungasha. Kabla ya mwaka mpya wa 1957 kuzoeleka, walikuwa wamehamia Monaco, kule kusini mwa Ufaransa, bila cheo na bila nyumba waliyoizoea. Baba akaugua, akashindwa kufanya kazi. Claude alikuwa na miaka 17 tu.

Ukitaka kuelewa kwa nini baadaye alifanya kazi kama mtu asiyelala, anzia hapo. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kila kitu ulicho nacho kinaweza kuondoka ndani ya miezi michache.

Karani mchana, mpiga ngoma usiku

Kule Monaco alipata kazi ya ukarani katika benki. Mchana anahesabu pesa za watu, usiku anapiga ngoma na bendi kwenye hoteli za matajiri. Baba hakutaka kabisa kusikia habari za mtoto wake kuwa mwanamuziki. Wakakosana, na mzee akafariki 1961 kabla hawajapatana. Kama wewe pia uko kwenye vita baridi na mzazi kwa sababu ya usanii, hapo unaelewa uzito wake.

Mwishoni mwa 1961 akahamia Paris na mke wake Janet, mnenguaji kutoka Uingereza. Rekodi yake ya kwanza ikaanguka vibaya, hata jina la kisanii alilolitumia, Kôkô, watu hawakulishika. Janet naye akamwacha, akaenda na Gilbert Bécaud, ambaye wakati huo tayari alikuwa mwimbaji mkubwa. Hebu fikiria: huna hela, huna jina, na anayekuibia mke yuko kwenye redio kila siku.

Hakurudi benki. Mwishoni mwa 1962 akatoa Belles! Belles! Belles!, wimbo wa Kimarekani uliotiwa maneno ya Kifaransa, na safari hii ukashika. Kufikia 1963 alikuwa staa, na mwaka uliofuata akanunua kinu cha zamani cha kusagia nafaka katika kijiji cha Dannemois, kusini ya Paris, akakigeuza kuwa kasri lake.

Tazama jinsi alivyofanya kazi tangu mwanzo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na Ufaransa ilikuwa na waimbaji wengi wa kumshinda kwa koo. Yeye alijua kwamba watu hawasikilizi tu, wanatazama pia. Miaka hiyo kwenye mikahawa ya Ufaransa kulikuwa na mashine zilizoitwa Scopitone: unatia sarafu, unachagua wimbo, na kioo kinakuonyesha filamu fupi ya msanii akiuimba. Video za muziki zilikuwepo miaka 20 kabla ya MTV. Claude aliingia huko mapema, akiruka na kuzunguka wakati wenzake wamesimama kama nguzo.

Mwaka 1966 akaunda kikundi cha wasichana wanenguaji, Claudettes, weusi na weupe pamoja, nguo fupi na hatua zilizopangwa kama saa. Kwa Ufaransa ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo jipya machoni.

Na ile My Way? Mwaka 1967 aliachana na mwimbaji France Gall. Kwa uchungu huo, yeye, Jacques Revaux na Gilles Thibaut wakatunga Comme d'habitude. Wimbo wa Kifaransa hausemi lolote kuhusu mzee anayejivunia maisha yake. Unahusu watu wawili wanaoishi nyumba moja kwa mazoea tu, mapenzi yakiwa yamekwisha zamani. Paul Anka akausikia akiwa Ufaransa, akapata haki zake, akaandika maneno mengine kabisa kwa Kiingereza, na 1969 Sinatra akautoa kwa dunia nzima. Kwa hivyo yule mjomba wa karaoke anaringa kwa wimbo uliozaliwa na mtu aliyeachwa.

Disko ilitafuta uso

Sasa tuje kwa disko yenyewe.

Disko ilizaliwa gizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye kumbi za New York zilizojaa watu weusi, Walatino na mashoga, hakukuwa na mwimbaji jukwaani wa kumtazama. Kulikuwa na DJ, spika kubwa, na mdundo wa nne kwa nne usiokatika ili mtu asiondoke uwanjani. Nyimbo nyingi zilitengenezwa studioni na wanamuziki ambao mchezaji hakuwajua hata sura. Staa wa usiku ulikuwa wewe mwenyewe uliyekuwa ukicheza.

TV haiwezi kuishi hivyo. TV inataka sura, nguo, tabasamu na mwendo. Marekani tatizo hilo lilitatuliwa na Soul Train, kipindi kilichoanza kuonyeshwa miji mingi mwaka 1971, ambapo vijana weusi wenyewe ndio waliokuwa burudani, wakicheza katikati ya mistari miwili. Muziki wa kufungulia kipindi hicho, TSOP, ulifika nambari moja Marekani mwaka 1974, na ni miongoni mwa vibao vya kwanza vya disko kufika huko. Elewa hapo: wimbo wa kipindi cha TV ndio uliowafungulia wengine mlango.

Ufaransa hali ilikuwa tofauti kidogo. Katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na chaneli tatu tu, zote za serikali. Hakuna YouTube, hakuna kuruka tangazo. Jumamosi jioni familia nzima, kuanzia nyanya hadi mtoto wa chekechea, ilikaa mbele ya kioo kimoja kutazama vipindi vya burudani kama Numéro Un cha mtu na mkewe, Gilbert na Maritie Carpentier. Msanii akifanya vizuri hapo, Jumatatu anaulizwa madukani. Asipoalikwa, ni kama hayupo. Na TV za rangi zilikuwa zinaingia nyumbani moja baada ya nyingine.

Unaona jinsi mambo yalivyokutana? Rangi zimefika, na disko inakuja na vitu vinavyomeremeta. Mtu aliyejua kuunganisha hayo mawili alikuwa Cloclo.

Disko ilipoingia Ulaya, wakongwe wengi wa Kifaransa waliiona kama kelele za kupita. Yeye alikuwa ameshajiandaa kwa miaka kumi bila kujua. Alikuwa na wanenguaji tayari na mavazi ya kumetameta. Tena alikuwa mpiga ngoma, na disko kwanza ni ngoma. Cette année-là mwaka 1976, kisha Magnolias for Ever na Alexandrie Alexandra kutoka rekodi za 1977: mdundo wa kumbi za usiku, lakini umepangwa kwa ajili ya kioo cha sebuleni.

Siri yake iko kwenye hatua. Zitazame leo mtandaoni utaona. Si hatua ngumu. Mkono juu, mkono chini, nyonga kushoto, geuka, piga kofi. Mtoto wa miaka saba anaweza kuziiga mbele ya TV, na waliziiga kwelikweli, kwenye sebule na viwanja vya shule. Kila wimbo ulikuja na mienendo yake, ili ukiusikia mwili ukumbuke. Wewe uliyejifunza densi ya amapiano kwa kutazama simu yako mara ishirini, umefanya jambo lile lile. Tofauti ni kioo tu.

Na hakuacha lolote libahatishwe. Alikuwa na lebo yake mwenyewe, Flèche, kwa hivyo hakuomba ruhusa ya kutoa wimbo. Mwaka 1972 alichukua jarida la vijana, Podium, ambalo bila shaka halikusahau kumweka kwenye jalada. Studioni kwa TV alitaka kujua kamera itasimama wapi, sauti itatokaje, taa itamulika upande gani wa uso. Wanamuziki na wanenguaji walimwogopa: ukichelewa au ukikosea hatua, unakatwa pesa, na hasira zake zilisikika hadi nje. Alikuwa bosi mgumu. Tusimfanye malaika kwa sababu amekufa.

Upande ambao kamera haikuuona

Machi 1970, akiwa na miaka 31, alianguka na kuzimia jukwaani mjini Marseille. Mwili ulikuwa umekataa. Mwaka huo huo akapata ajali mbaya ya gari iliyomvunja pua. Mwaka 1973 moto ukaunguza kasri lake la Dannemois. Septemba 1975 alikuwa katika hoteli ya Hilton mjini London bomu la IRA lilipolipuka pale chini. Watu wawili walikufa, naye akatoka na ngoma ya sikio iliyoumia. Juni 1977 mtu alifyatulia gari lake risasi akiwa njiani kwenda Dannemois. Na katika miaka hiyo yote, mtoza ushuru alikuwa nyuma yake.

Kila mara, baada ya muda mfupi, alirudi kwenye TV akitabasamu, akiruka vile vile. Watazamaji hawakuona kitu.

Lakini kinachouma zaidi ni hiki. Claude alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja alizaliwa 1968 na mwingine 1969. Mkubwa alionekana magazetini na baba yake. Wa pili alifichwa. Kwa miaka kadhaa mashabiki hawakujua yupo, kwa sababu staa wa wasichana mwenye mtoto mmoja bado anaweza kuuzika, ila mwenye wawili anaanza kufanana na baba wa familia. Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mtoto mdogo. Upo nyumbani, unamwona baba yako kwenye kioo, nchi nzima inamjua, na wewe hupaswi kujulikana.

Hiyo ndiyo bei ambayo sisi watazamaji huwa hatuonyeshwi. TV ilimpa Claude kila kitu alichokipoteza Suez: nyumba, pesa, jina. Ila ilitaka sura isiyozeeka, isiyochoka na isiyo na mzigo, na yeye akakubali kulipa. Sehemu ya deni akamlipisha mtoto.

Jumamosi, Machi 11, 1978

Siku chache kabla ya hapo alikuwa Leysin, milimani Uswizi, akirekodi kipindi cha BBC. Alikuwa anatafuta soko la Uingereza, na muda wake ulikuwa mzuri: filamu ya Saturday Night Fever ilikuwa imetoka Desemba 1977 na disko ilikuwa imeshika dunia nzima. Miaka yake 39, lugha anaijua, densi anayo, na kibao chake kikubwa zaidi cha disko, Alexandrie Alexandra, kilikuwa kinangoja kuingia madukani. Ni wimbo uliomrudisha Misri ya utoto wake, kwenye mji wa Alexandria.

Akarudi Paris. Jumamosi hiyo alitakiwa kufika studioni kwa Michel Drucker, kurekodi kipindi cha Les Rendez-vous du dimanche. Kabla ya kutoka akaingia kuoga katika nyumba yake ya boulevard Exelmans.

Ukutani, karibu na beseni la kuogea, kulikuwa na taa yenye hitilafu. Akiwa ndani ya maji, akanyoosha mkono kuirekebisha.

Stima ikampiga. Waliokuwa nyumbani wakaita msaada, waokoaji wakafika, wakajaribu, wakashindwa. Studio ikabaki inamngoja.

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Mtu aliyekagua kila taa iliyommulika kwenye TV aliuawa na taa moja ya nyumbani ambayo hakuna fundi aliyeitwa kuitazama.

Machi 15 alizikwa Dannemois baada ya misa katika kanisa la Notre-Dame d'Auteuil, umati ukiwa umejaa barabarani. Siku hiyo hiyo ya mazishi, Alexandrie Alexandra ikaanza kuuzwa madukani, kama ilivyokuwa imepangwa. Leo ukienda harusi Ufaransa, ikifika saa sita usiku DJ akiuweka, shangazi na wapwa wote wanapandisha mikono pamoja. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipokufa. Hatua wanazijua. Mwaka 2000 jiji la Paris likaipa jina lake sehemu ya mtaa alikofia, na 2012 maisha yake yakawa filamu.

Disko yenyewe ilipigwa vita muda mfupi baadaye. Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli Chicago, rundo la rekodi za disko lililipuliwa mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakishangilia. Lakini kile ambacho Claude alikielewa hakikulipuka. Miaka miwili baadaye MTV ikaanza, na tangu siku hiyo hakuna msanii anayeuliza kama wimbo unahitaji picha.

Kabla hujafungua maji

Sasa nirudi kwako. Unajua ile hali ya kugusa bomba la shawa ukasikia mwasho fulani kwenye vidole? Au ile ya kuogea ukiwa umevaa champali, kwa sababu mwenye chumba kabla yako alikwambia shawa hii huwa "inashika"? Tunacheka nayo. Tunaizoea.

Usiizoee. Ngozi kavu huzuia umeme kiasi fulani, ila ngozi iliyolowa huupitisha kwa urahisi. Ukiwa umesimama kwenye maji na mkono uko kwenye chuma chenye hitilafu, wewe ndiye waya: umeme unapita mwilini kuelekea ardhini, na njiani kuna moyo. Moyo hauhitaji umeme mwingi ili uvurugike. Kiasi kisichotosha kuwasha balbu ya kawaida kinaweza kuusimamisha. Paris ilitumia volti 220 wakati huo. Sisi hapa tunatumia 240.

Kinachookoa ni vitu viwili visivyo na maringo. Wa kwanza ni ule waya ambao mafundi wanauita erthi, unaoupa umeme uliopotea njia nyingine ya kwenda chini badala ya mwili wako. Wa pili ni swichi ya usalama inayokata stima yenyewe mara tu inapohisi inavuja. Muulize fundi wa kweli kama shawa yako ina vyote viwili. Landilodi akikwambia ungoje mwisho wa mwezi, zima swichi kuu na uogee maji ya beseni. Kama taa ya bafuni inalegalega, usiiguse na mkono uliolowa, hata kama unachelewa kazi. Hata kama kuna watu wanakungoja kwenye TV.

Cloclo alijenga kila kitu kilichokuwa mbele ya kamera, na alikijenga vizuri kiasi kwamba watu bado wanakicheza karibu miaka 50 baadaye. Kilichokuwa nyuma ya kamera alikiahirisha: usingizi, mtoto, waya. Wewe pia una kioo chako mfukoni, na una wafuasi wako, wawe 200 au 200,000. Wape ngoma, wape densi, ukitaka vaa na zile nguo za kumetameta. Ila piga simu kwa fundi kwanza. Na ukimaliza, mpigie na mtu wa nyumbani ambaye hujampigia siku nyingi.